Mkono wa Kulia wa Roboti ya Bluu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anajulikana kwa jina la Fundi Gundi. Jina la kwenye kitambulisho limeandikwa juu ya jalada.
Umri: Miaka arobaini na sita.
Kazi: Fundi wa vitu vidogo (redio, tochi, miavuli, vichezeo vya watoto).
Makazi: Nyumba za nyuma ya soko, upande wa bombani.
Yametolewa: Jumapili tarehe 17, alasiri, mbele ya Sajini wa zamu.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimekubali. Ninachotaka kusema kinahusu mwili wa mwanamume uliotolewa mtoni siku ya Ijumaa, ambao umepangwa kuzikwa kesho asubuhi kuwa ni wa dereva wa lori la mchanga, yule tuliyekuwa tukimwita Taratibu. Nasema mapema ili isije ikasemwa nilizungukazunguka. Anayezikwa kesho si Taratibu. Ningefurahi sana kama ningekuwa nimekosea.

Afande ameniuliza nimejuaje, nami nimemjibu nimejua kwa mkono wa roboti. Ameweka kalamu chini akaniangalia. Sikumlaumu. Basi inabidi nianze na hizo roboti zenyewe, maana bila hizo maneno yangu yataonekana ya mlevi, na mimi pombe siijui ladha yake.

Kibanda changu kiko sokoni, kimegusana ukuta na cha mama mmoja muuza vichezeo ambaye soko zima linamwita Mama Midoli. Yeye huleta katoni za roboti zile za kugeuka. Ukiikunja inakuwa gari, ukiikunjua inakuwa jitu lenye mikono na miguu. Si zile za asili. Ya asili nimeishika moja tu maishani, mtoto wa mteja aliileta imekatika waya, na kwa kweli ni raha. Unageuza, unasikia tik, tik, kila kiungo kinakaa kwake. Hizi zetu ni feki, tena feki iliyonakiliwa kutoka kwa feki mwenzake. Boksi lina picha ya ndege, ndani unakuta lori. Karatasi ya maelekezo ni ya roboti nyingine kabisa, ukiifuata unavunja kiuno. Magurudumu matatu yanazunguka, la nne limebandikwa tu kwa ajili ya sura. Ukishaikunja iwe gari, kichwa hakiingii chote, kinabaki kimechungulia juu ya boneti kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Rangi ya fedha inahamia vidoleni. Plastiki inanuka mafuta ya taa hata uioshe kwa sabuni gani. Kusimama yenyewe haiwezi mpaka uiegemeze ukutani.

Na kila moja ina kilema chake. Nyingine inawaka jicho moja, nyingine haizimi kabisa. Nyingine ina king'ora tumboni kinacholia wakati kinapotaka chenyewe, hakuna aliyeigusa. Watu huniambia mtu mzima kama wewe unapoteza muda na takataka. Mimi huwajibu kwamba mtoto hajui feki wala asili, mtoto anajua baba ameleta. Kwa hiyo nazitengeneza, na wakicheka wacheke.

Afande ameniambia nifupishe. Nafupisha, lakini hili la mikono lazima liandikwe lote, na naomba liandikwe kama ninavyolisema.

Vipuri vya roboti hizi havipo. Nani atauza kipuri cha kitu kama hicho? Kazi yangu mimi ni kuhamisha. Natoa kwa huyu nampa yule. Mama Midoli akipokea katoni tunazimwaga zote mezani kwangu, tunazikagua kabla hajazitundika. Kosa ambalo kiwandani hawachoki kulifanya ni la mikono. Unakuta roboti ina mikono miwili ya kushoto, madole gumba yote yanaangalia upande mmoja, basi imekaa kama mtu aliyezaliwa vibaya. Ukiona hivyo usitupe. Tafuta mwenzake mwenye mikono miwili ya kulia, maana waliokosea huyu ndio waliokosea na yule, na mara nyingi yumo katoni hiyohiyo. Unabadilishana mkono mmoja kwa mmoja, na wote wawili wanapona. Rangi ndiyo inayoweza kutofautiana. Hilo halinihusu, na watoto hawajawahi kulalamika.

Mnamo Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita, mchana, Taratibu na utingo wake walikuja kibandani. Huyo utingo wake ni shemeji yangu. Amemuoa mdogo wangu wa kike, anayenifuata mimi. Walikuwa wametoka kushusha mchanga, wamevaa ovaroli za yadi ya mchanga walikoajiriwa, zile za kijivu ambazo wanavaa wote, hata vumbi lao lilikuwa moja. Ni watu wa kimo kimoja na umbo moja. Ukiwaona kwa nyuma huwezi kujua yupi ni yupi, na wao walipenda hivyo, walikuwa wakiwachanganya walinzi wa getini. Walitaka kila mmoja ampelekee mwanawe roboti. Zilikuwa zimebaki mbili tu, nyekundu na ya bluu, zote mbovu za mikono. Nyekundu ilikuwa na miwili ya kushoto. Ya bluu ilikuwa na miwili ya kulia.

Niliwafanyia kazi hiyo wakiwa wamesimama mbele yangu. Nilichomoa mkono mmoja wa kushoto kwenye ile nyekundu nikaupeleka kwenye ya bluu. Nilichomoa mkono mmoja wa kulia kwenye ile ya bluu nikaupeleka kwenye nyekundu. Kwa hiyo ile nyekundu ilitoka na mkono wa kulia wa bluu, na ile ya bluu ilitoka na mkono wa kushoto mwekundu. Naomba Afande aisome tena sentensi hiyo kwa sauti. Ameisoma. Iko sawa.

Shemeji yangu alichukua nyekundu kwa sababu binti yake anapenda nyekundu, viatu vyekundu, kila kitu chekundu. Taratibu akachukua ya bluu. Hiyo ya bluu ndiyo iliyokuwa na king'ora. Nyekundu ilikuwa bubu. Walifurahi sana na ile mikono, wakasema sasa watoto wao ni ndugu, wamechangia damu. Shemeji akamwambia Taratibu kwamba siku roboti yako ikipiga mtu, mkono utakaoshtakiwa ni wa kwangu. Walicheka mpaka Mama Midoli akaja kuangalia kuna nini. Mimi nilikuwa nimewakasirikia kidogo kwa sababu walikuwa wananizibia mwanga, lakini leo nakumbuka kicheko tu.

Mkono niliouhamishia kwenye nyekundu ulinisumbua tangu siku hiyo. Tundu la bega la ile nyekundu lilikuwa dogo, na kijiti cha mkono wa bluu kilikuwa kinene. Nilikinyoa kwa kiwembe. Nikazidisha, kikawa chembamba mno. Nikakizungushia uzi wa kijani, uzi niliokuwa nao ni huo, nikapaka gundi. Ulishika siku chache, halafu ukaanza kudondoka. Kila mtoto akiigeuza roboti iwe gari, mkono chini. Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani kwao kwa chakula cha mchana, mkono ukadondoka kwenye bakuli la mchuzi, mpwa wangu akaingiza vidole akauokota, akaulamba, akaurudisha begani. Tulicheka wote, na mdogo wangu akaniambia mbele ya mumewe kwamba hilo jina la Fundi Gundi nilirudishe nilikolitoa. Nilimwambia shemeji dawa yake ni kutoboa kijiti na kuingiza kipande cha chuma cha spoku ya baiskeli, aniletee kibandani. Mpwa wangu akakataa roboti iondoke nyumbani, maana analala nayo. Baba yake akamwambia basi, nitachukua mkono peke yake.

Mnamo Jumanne tarehe 12, asubuhi, nilikuwa nafungua kibanda. Lori lilisimama barabarani, injini inanguruma, Taratibu yuko kwenye usukani, akanipungia. Shemeji alishuka akaja mbio. Akanionyesha mkono wa bluu kwenye kiganja chake. Nikamwambia niachie, ukirudi utaukuta tayari.

Akasema, "Sikuachii, shemeji. Wewe unapoteza vitu. Jioni nitakuja, utengeneze nikiwa naangalia."

Niliudhika, maana ni kweli napoteza vitu, na ukweli wa namna hiyo asubuhi na mapema haupendezi. Nikamwambia haya, nenda na mkono wako. Aliuweka kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, akaufunga kifungo, akaupigapiga kwa nje kama anavyofanya mtu aliyeweka kitu cha thamani. Akarudi mbio kwenye lori. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Nimeulizwa kama kuna mtu mwingine aliyeona. Hakuna, Mama Midoli alikuwa bado hajafika.

Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha huko juu, kwetu hata tone halikuanguka. Alasiri tukasikia lori la mchanga limechukuliwa na maji kwenye daraja la chini, lile lisilo na kingo. Kesho yake lori lilionekana limelala ubavu kwenye matope, mlango mmoja wazi, ndani hamna mtu. Polisi na watu wa yadi walitafuta. Mimi nilifunga kibanda nikaenda kutafuta nao, nikatembea na ukingo wa mto mpaka viatu vikaniachia soli. Mdogo wangu hakulia. Alisema mume wake amekulia kwenye maji, anaogelea, yuko mahali amevunjika mguu anasubiri watu.

Ijumaa wachimba mchanga waliona mwili chini kabisa, kwenye matete. Mimi sikuwepo. Jumamosi mchana habari zikaja kwamba umetambuliwa, ni Taratibu. Nilikuwa nyumbani kwa mdogo wangu zilipofika. Alikaa chini sakafuni akamlilia Taratibu kwa uchungu wa kweli, walikuwa watu wa kuingia na kutoka kwao. Kisha akanyamaza, akajifuta uso kwa khanga, akaniambia polepole kama mtu anayeogopa kusikiwa: "Basi wangu yuko hai, kaka."

Nami nilifurahi. Naomba Afande aliandike hilo vilevile. Mtu amekufa, ana mke, ana mtoto ambaye hajaanza hata shule, na mimi nilifurahi kwamba ni yeye. Sikujua kwa wakati huo walimtambuaje. Nilidhani wameona uso.

Leo, Jumapili, saa nne hivi asubuhi, nilikwenda msibani kwa Taratibu kutoa pole. Nilikaa na wanaume kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, karibu na kaka yake mkubwa. Huyo kaka ndiye aliyeingizwa chumba cha maiti. Nilimpa pole, nikamwambia imekuwa kazi ngumu kumwangalia mdogo wako akiwa hivyo. Akasema hakumwangalia sana. Uso ulikuwa hauna cha kuangalia, siku zote zile majini. Aliona kimo, aliona ovaroli, kikabaki kile kitu cha mfukoni.

Nikamuuliza kitu gani.

Akasema ulikutwa mkono wa mdoli, wa bluu. Polisi waliupeleka kwanza yadi, na yadi nzima wanajua habari ya zile roboti maana wenyewe walikuwa wanajisifu nazo kila siku. Msimamizi akasema ya bluu ni ya mtoto wa Taratibu, nyekundu ni ya mtoto wa utingo. Wakampelekea mke wa Taratibu. Akasema ndiyo, mwanangu ana roboti ya bluu na mikono yake inalegea. Roboti yenyewe haikuwepo hapo nyumbani, mtoto alikuwa nayo kwa bibi yake. Basi hakuna aliyeuliza zaidi.

Nilijishika kwenye neno moja, kwamba ya bluu ni ya Taratibu. Zote mbili zilikuwa mbovu, kwa nini ile yake isidondoke mkono? Kwa nini naye asiweke mfukoni? Niliomba Mungu iwe hivyo, nikiwa nimekaa chini ya turubai la mtu, nikiwa nakunywa chai ya msiba wake. Nilimwomba kwa jina la mpwa wangu. Naona aibu, lakini niliomba.

Nikiwa bado katika hali hiyo, bibi wa mtoto alifika kutoka kwake, amembeba mjukuu mgongoni na begi mkononi. Akina mama walianza kulia upya. Katikati ya kilio, king'ora kikalia ndani ya begi. Kile cha gari la zima moto, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, halafu kikasema maneno matatu ya lugha ambayo hakuna aijuaye, halafu kikaanza tena. Watu waligeuka. Bibi alifungua begi akaitoa, akaitingisha, ikazidi. Mtu mmoja nyuma yangu akasema mpeni fundi, si huyo hapo, ainyamazishe. Ikapitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu mpaka kwangu.

Niliishika. Ilikuwa na mikono yote miwili. Wa kulia bluu, wa kwake wa kuzaliwa. Wa kushoto mwekundu, niliouweka mimi. Yote imelegea, lakini ipo.

Nilichomoa betri kwa ukucha, ikanyamaza. Kaka yake Taratibu akaniambia asante, fundi. Wote waliiona ile roboti, watu zaidi ya hamsini, na walichokiona ni kichezeo chenye kelele. Nilimrudishia bibi. Mtoto alinyoosha mkono akaichukua. Ningesema nini pale, na kwa sauti gani? Nilitaka kwanza nione na ile nyingine, kwa sababu moyo wangu bado ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea.

Nilitoka msibani nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Nilimkuta anapiga pasi shati la mumewe. Alikuwa ameweka sufuria la maji jikoni, tangu jana anafanya hivyo kila mara, akifika ayakute ya moto. Akaniuliza kama nimetoka msibani. Nikamwambia ndiyo.

Akasema, "Mimi naona haya kwenda. Mwenzangu analia na mimi nasubiri. Nitamwangalia vipi usoni?"

Nilimwambia asiende leo. Hilo ndilo nililoweza.

Mpwa wangu alikuwa mlangoni, ameiegemeza roboti yake ukutani. Nyekundu, mkono wa kushoto upo, upande wa kulia tundu tupu. Akaniamkia. Nikamwambia nipe hiyo roboti, nataka kwenda nayo kupima bega. Alifikiri sana kabla ya kunipa, si mtoto wa kutoa vitu vyake ovyo.

Akasema, "Usiutafute mkono, mjomba. Anao baba."

Nikamwambia najua.

"Alisema utauwekea chuma, hautadondoka tena."

Nikamwambia ndiyo, chuma. Mama yake alikuwa ananiangalia. Sijui aliona nini usoni kwangu. Alirudi kwenye shati lake, akaendelea kupiga pasi mahali ambapo palikuwa pameshanyooka.

Kutoka pale hadi hapa si mbali, lakini nimechukua muda mrefu. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro mbele ya duka la saruji, roboti iko mapajani, watu wananipita. Nitasema ukweli wote, Afande, kwa kuwa umeniapisha. Niliwaza kunyamaza. Nje ya nyumba ya mdogo wangu hakuna anayejua ule mkono ulihama, na wao hawajui kilichokutwa mfukoni. Mama Midoli aliona lakini yeye huona katoni kwa katoni, hakumbuki. Nikinyamaza, mdogo wangu atabaki na mume. Atakuwa hayupo, lakini atakuwa hajafa. Nikisema, nitakuwa nimekwenda kwenye nyumba ya watu nikabeba msiba kwa mikono yangu nikauleta nyumbani kwetu.

Kisha yakanijia akilini maji yale ya jikoni kwake. Nikamwona anayachemsha kesho, na keshokutwa, na mwakani, akikaa na masikio nje kila geti likilia. Nikamwona mwenzake anapanda maua kwenye kaburi la mtu ambaye si wake. Na shemeji yangu naye, amelala pale anaitwa kwa jina la mtu mwingine, amelazwa na watu wa mwingine, mtoto wake hajui alipo. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini mzaha huo hapana. Nikainuka.

Hata mke wa Taratibu nimemfikiria. Kwake naweza kuonekana nimepeleka habari njema. Si njema. Jana alijua mume wake amekufa, leo nitamrudisha ukingoni mwa mto aanze kuangalia maji. Naomba mtakayemtuma kwake awe mtu mwenye busara, asimwambie mumeo yu hai, maana hilo mimi sijasema na sijui.

Afande ameniambia kabla hajanionyesha kielelezo, yaani ule mkono uliokutwa mfukoni, nieleze kikoje. Nimeeleza hivi. Ni mkono wa kulia, plastiki ya bluu, dole gumba limeungana na ngumi kwa sababu kiwandani hawakulikata. Karibu na kiwiko kuna stika ya moto iliyobandikwa kichwa chini. Kijiti cha begani kimenyolewa kwa kiwembe, kimezungushiwa uzi wa kijani, na juu ya uzi kuna gundi yangu ya manjano. Kama kijiti ni kizima na hakina uzi, basi mimi ni mwongo, na nitashukuru kuwekwa ndani.

Nimeonyeshwa. Una uzi.

Sina zaidi kuhusu roboti. Nina ombi moja, nalo liandikwe. Gari la polisi lisifike kwa mdogo wangu kabla yangu. Akiliona mlangoni atajua kabla hajaambiwa, na mimi sitaki ajulishwe na gari. Nitakwenda mwenyewe. Mimi ndiye niliyeuchomeka ule mkono, acha niende mimi.

Nimesomewa yote niliyoyasema, nimeyasikia, na sina neno la kuondoa humo.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA MWANDISHI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini wa zamu, kama yalivyosemwa. Shahidi alitoa maelezo kwa utulivu, alisimama mara moja tu kunywa maji. Alieleza sura ya kielelezo kabla ya kukiona na ikawa kama alivyosema. Nimewasiliana na chumba cha maiti, mwili hautatolewa kesho. Familia ya dereva itajulishwa na Mkuu wa Kituo mwenyewe. Utafutaji mtoni utaendelea asubuhi.

Shahidi aliomba ajaribishe mkono kwenye roboti nyekundu aliyokuja nayo. Niliruhusu, kwa ajili ya uthibitisho. Mkono uliingia begani. Aliigeuza roboti ikawa gari, akaigeuza tena ikawa roboti. Mkono haukudondoka. Nilimwambia auchomoe kwa kuwa ni kielelezo. Alijaribu, akashindwa, akaniomba nimsaidie. Nimeuchomoa mimi.

Mkono umerudishwa kwenye bahasha ya vielelezo. Roboti nimemruhusu aondoke nayo kwa kuwa mtoto hulala nayo. Ametoka kituoni kwa miguu saa kumi na moja jioni.

Gari limeambiwa lisubiri.